Mwanangu wa miaka 10 kapimwa presha ikasoma 138 kwa 88: ni mashine, ni unene, au ni figo?

*"Shikamoo daktari. Naishi Mbagala. Mwanangu wa kiume ana miaka 10, yuko darasa la nne, ana kilo 47. Wiki iliyopita alikuwa analalamika kichwa kila akitoka shule, nikaenda naye duka la dawa kumnunulia dawa ya maumivu. Kijana wa pale akampima presha kwa mashine yao ya mezani, ikasoma 138 kwa 88. Akarudia, 134 kwa 86. Akasema mtoto ana presha, nimpe nusu ya kidonge cha amlodipini cha bibi yake, maana mama yangu ana presha miaka mingi. Nimempa siku mbili. Shemeji yangu anasema mashine za wakubwa huwadanganyia watoto, niachane nayo. Jirani anasema mtoto kanenepa tu, apunguze ugali. Vinginevyo yuko sawa, anacheza, anakula. Vidonda vya miguuni alivyokuwa navyo mwezi uliopita vilishakauka, ila asubuhi huamka macho yamevimba kama aliyelala sana. Je, mtoto wa umri huu anaweza kuwa na presha kweli? Na hicho kidonge niendelee nacho?"*

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye yale maneno uliyoyaweka mwishoni kama kitu cha kupita: vidonda vya miguuni, na macho yanayovimba asubuhi. Nitayarudia, kwa sababu huenda jibu lako lote limo humo. Lakini kwanza ulichouliza. Ndiyo, mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa na presha ya juu. Kidonge cha bibi usimpe tena. Na mtoto aonwe kesho asubuhi, usingoje mwisho wa mwezi.

Tuanze na shemeji. Anachosema nusu yake ni kweli: ule mkanda wa kuzungushia mkononi usipolingana na mkono, mashine husoma uongo. Ila uongo huo una upande wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkanda mpana uliompwaya mtoto mwembamba huishusha. Kwa hiyo kama kweli alifungwa mkanda wa mtu mzima ukampwaya, presha yake halisi huenda ni kubwa kuliko hiyo 138. Hoja ya shemeji, ukiifuata hadi mwisho, haikupi faraja bali inakuongezea sababu ya kwenda hospitali.

Unaweza kulichunguza hili mwenyewe nyumbani leo. Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani, mpime mtoto mzunguko wa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya mashine za nyumbani na za madukani imeandikwa kwamba inafaa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mtoto wa kilo 47 anaweza kabisa kuangukia humo, na ikiwa hivyo mkanda wa wakubwa ndio uliomfaa. Kinachotazamwa ni mkono wenyewe, na neno "watu wazima" kwenye boksi lisikubabaishe. Hizi mashine ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono ziache kabisa kwa watoto.

Nasema haya kwa sababu mkanda umeshanitia aibu. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, wodi niliyokuwapo ilikuwa na mkanda mmoja tu wa watoto, nao mdogo. Nilimfunga nao msichana mnene wa miaka 12, nikaandika namba kubwa kwenye faili bila wasiwasi wowote, na dawa ikaandikwa. Nesi mmoja mzee akaja na mkanda wa wakubwa kutoka wodi ya pili, akapima upya, presha ikawa ya kawaida. Hakusema neno, alinitazama tu, akaurudisha mkanda wake.

Mbali na mkanda, kuna namna mtoto alivyopimwa. Alikuwa ametoka shule, ametembea juani au kasimama kwenye daladala, kichwa kinamuuma, na mtu asiyemjua anamfunga kitu kinachombana mkono. Presha ya mtu yeyote ingepanda hapo. Kipimo cha haki kinataka mtoto akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage chini isining'inie, asiwe amebanwa na mkojo, atulie dakika 3 hadi 5 bila kuongea, na mkono wa kulia uwekwe usawa wa moyo. Tunachagua mkono wa kulia kwa sababu maalumu. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na mshipa mkuu wa damu, ule utokao kwenye moyo, ukiwa umebana mahali karibu na pale unapotoka mshipa wa mkono wa kushoto. Ukiwapima kushoto unaweza kupata namba nzuri huku wana tatizo kubwa. Ndiyo maana daktari makini atampapasa mwanao mapigo ya kinenani na kumpima presha ya mguu pia, jambo ambalo wazazi wengi hulishangaa.

Sasa hizo namba zenyewe. Kwa mtu mzima tumezoea namba moja inayotumika kwa wote, lakini kwa mtoto namba hutegemea umri, jinsia na urefu. Chukua wavulana 100 wa miaka 10 wenye kimo kimoja, uwapange kwa presha zao kuanzia ya chini. Mtoto anayefika pale walipo watano wa mwisho, na akafika hapo katika siku tatu tofauti, huyo tunasema ana presha ya juu. Katika mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017, ambao mimi huutumia, kizingiti cha kuanza kumtazama kwa makini mvulana wa miaka 10 ni 108 kwa 72. Kuanzia miaka 13 hesabu inakuwa kama ya wakubwa, presha ya juu ni kuanzia 130 kwa 80. Unaona basi: 138 kwa 88, namba ambayo kwa mama yako ingepita bila mtu kushtuka, kwa mwanao ni kubwa mno. Hata ukiondoa jua, daladala na woga, bado inabaki kubwa. Kwa kawaida ningesema mpime siku tatu tofauti ndipo tuzungumze. Kwa namba hii, na kwa hayo macho, sikushauri kungoja siku tatu.

Turudi kwenye vidonda. Figo ndizo zinazoamua maji na chumvi kiasi gani vibaki mwilini na kiasi gani vitoke. Fikiria tangi la juu ya paa lenye boya: boya likikwama maji yanaingia tu, na mabomba yote ya nyumba yanabeba mzigo. Kazi ya figo inafanana na ya lile boya. Zikishindwa kutoa chumvi na maji, damu hujaa ndani ya mishipa na presha hupanda. Tena, figo ikiona haipati damu ya kutosha humwaga kemikali zinazobana mishipa, na presha hupanda zaidi. Kwa hiyo sisi madaktari wa watoto, tukisikia presha, mawazo yetu hukimbilia figo kabla ya kitu kingine, hasa mtoto akiwa chini ya miaka 6, lakini hata huyu wako.

Vidonda vya ngozi vya watoto, vile vinavyotoa majimaji na kufanya gaga la rangi ya asali, mara nyingi husababishwa na bakteria aitwaye streptokokasi. Upele wa kujikuna na kuumwa na wadudu humfungulia mlango. Kidonda hupona, mama anashukuru. Lakini askari wa mwili waliopigana na yule bakteria huacha mabaki ya vita kwenye damu, na mabaki hayo huenda kunasa kwenye vichujio vya figo na kuvitia uvimbe. Hili hutokea wiki 3 hadi 6 baada ya vidonda vya ngozi, au wiki 1 hadi 2 baada ya koo kuuma. Umesema mwezi uliopita. Watoto wanaopatwa sana ni wa umri wa shule, kama huyu. Dalili zake ni uso kuvimba asubuhi na kupungua kadiri siku inavyokwenda, mkojo kuwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, na presha kupanda. Kichwa kuuma kunaweza kufuata.

Kwa hiyo kesho alfajiri, kabla hajaenda chooni, mpe chombo cheupe akojoe humo na wewe utazame. Wavulana wa umri huu hawamwambii mama rangi ya mkojo wao, na wengi wanakojolea kwenye choo chenye giza. Ukiona rangi ya chai, umepata jibu kubwa. Usipoiona, bado apimwe, kwa sababu damu inaweza kuwamo kidogo isionekane kwa macho. Watakaokuambia ni kichocho wanaweza kuwa sahihi, maana ukanda wetu huu wa pwani kichocho kipo; ila damu ya kichocho mara nyingi huwa nyekundu na hutokea mwisho wa mkojo, wakati ile ya figo huuchafua mkojo wote tangu mwanzo. Maabara watatofautisha.

Na kama ni hilo, pumua kidogo. Watoto walio wengi hupona kabisa. Hupunguziwa chumvi, mara nyingine na maji ya kunywa, hupewa dawa ya kukojoza na ya kushusha presha kwa muda, na presha hurudi chini katika siku au wiki chache. Damu isiyoonekana kwa macho inaweza kubaki kwenye mkojo kwa miezi, hata mwaka, bila kuwa na maana mbaya, mradi afuatiliwe. Hatari iko katika zile siku za mwanzo, presha inapopanda ghafla kwenye ubongo ambao haujazoea. Hapo ndipo mtoto aliyekuwa anacheza jana huletwa akiwa na degedege, na wazazi wakadhani ni malaria imempanda kichwani.

Sijamwona mwanao, na macho kuvimba asubuhi kuna sababu nyingine pia. Inawezekana mkojo ukawa safi kabisa na tukarudi kwa jirani yako na hoja yake ya unene. Naye hajakosea sana. Kilo 47 kwa mvulana wa miaka 10 ni nyingi. Wengi wa rika lake wako thelathini na kitu. Akiwa na bibi mwenye presha na uzito huu, anaweza kuwa na presha ile ile ya watu wazima iliyoanza mapema. Siku hizi tunaiona zaidi kwa watoto wa mijini kuanzia miaka 6 kwenda juu. Ila hiyo ndiyo sababu ya kufikiwa mwisho, baada ya figo, moyo na dawa kuchunguzwa. Daktari anayemtazama mtoto mnene akasema "punguza uzito" bila kupima mkojo hajamaliza kazi yake.

Nimetaja dawa. Prednisoloni na deksamethasoni, ambazo kwetu watu hununua kama pipi kwa ajili ya kifua, mzio, au mtoto anenepe, hupandisha presha. Dawa nyingi za maumivu za jamii ya ibuprofeni nazo huibana figo, kwa hiyo akiumwa kichwa sasa hivi mpe parasetamo tu. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini. Na kama kuna mtu nyumbani anampaka krimu za kung'arisha ngozi, mwambie daktari bila aibu: baadhi zina steroidi, jamii ile ile ya prednisoloni, nyingine zebaki, na zebaki huharibu figo. Mueleze pia kama mtoto anakoroma usiku na kukatika pumzi, maana usingizi wa namna hiyo nao hupandisha presha. Kama ana selimundu (sikoseli), useme mapema kabisa. Watoto hao kwa kawaida presha zao huwa chini kuliko za wenzao, na namba inayoonekana ya kawaida kwao huenda imeshapanda.

Kuhusu kidonge, sikugombezi. Nusu ya kidonge cha amlodipini cha miligramu 5 kwa mtoto wa uzito huu ni kiasi ambacho hata sisi tunaweza kumwandikia, na siku mbili hazijamdhuru. Tatizo ni kwamba hukaa kwenye mwili siku mbili tatu, hivyo kipimo cha kesho kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Tena amlodipini yenyewe inaweza kuleta maumivu ya kichwa na kuvimbisha miguu, dalili zile zile tunazozitafuta. Ukikiacha hakina kawaida ya kuleta presha ya kurudi kwa kishindo. Ila ulikuwa na bahati kwamba bibi anatumia hicho. Angekuwa anatumia dawa nyingine za presha, kama atenololi na mtoto ana pumu, au losatani na figo ziko kwenye uvimbe, tungekuwa tunaongea mengine.

Dawa za kila siku kwa mtoto zina mahali pake. Tunazitumia presha ikiwa juu sana, ikiwa kuna ugonjwa wa figo au kisukari, ikiwa kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya ultrasaundi, kimeonyesha ukuta wa moyo umeanza kunenepa, au ikiwa miezi kadhaa ya kubadili maisha haijazaa kitu. Zikipatikana sababu zinazotibika, kama mshipa uliobana, mtoto anaweza kufanyiwa matibabu ya mshipa wenyewe, na hapo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ndiko tunakowapeleka. Kwa hiyo ile imani kwamba "akianza dawa ya presha hataacha hadi kufa" kwa mtoto mara nyingi si kweli. Wapo watakaotumia wiki tatu tu.

Ikithibitika kwamba ni uzito, tutazungumza chakula, lakini nataka nikusahihishe mapema kuhusu ugali. Ugali hauna kosa kubwa. Chumvi ndiyo ninayoiogopa, na Dar es Salaam chumvi imejificha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto chini ya hapo. Sasa hesabu: chipsi za jioni zilizonyunyiziwa mara mbili, kachumbari ya chumvi, embe bichi la chumvi na pilipili getini kwa shule, krispi, tambi za pakiti na ule unga wake, ng'onda kwenye mchuzi, na vile vipande vya viungo vya kupikia ambavyo mama anaongeza halafu anatia na chumvi. Watu wengi hapa wanaamini chumvi mbichi ndiyo mbaya, ikipikwa inakuwa salama. Moto hauondoi chumvi kwenye sufuria, mama. Ya kupikwa na ya kunyunyiza ni moja, ya mawe na ya unga ni moja.

Soda ya kioo ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Hiyo ndiyo ningeitoa kwanza, kabla ya kugusa ugali. Mchicha, matembele, maharage, kunde, ndizi, machungwa na mapapai vibaki na viongezeke, isipokuwa figo zikikutwa zimeumia, ambapo matunda mengine tutayapunguza kwa ushauri wa daktari. Usimnyime chakula. Anakua, na mara nyingi inatosha uzito usimame pale ulipo huku urefu ukiongezeka. Nyumba nzima ile chakula kimoja, na watu waache kumwita bonge. Mtoto anayechekwa hula kwa kujificha. Mchezo wa saa moja kwa siku ni mzuri, lakini ligi na mashindano yasubiri hadi presha ithibitike iko sawa. Juisi ya choya bibi anaweza kunywa, imeonekana kushusha presha kidogo kwa wakubwa. Kwa huyu isichukue nafasi ya kipimo.

Usiku huu huu, ukiona kichwa kinamuuma sana na anatapika, anaona ukungu au vitu viwili viwili, anapumua kwa shida hasa akilala chali, anachanganyikiwa, anasinzia isivyo kawaida, au anapata degedege, usingoje asubuhi. Tafuta bajaji, bodaboda, jirani mwenye gari, uende Hospitali ya Rufaa ya Temeke moja kwa moja na useme kwanza neno "presha ya mtoto" pale mapokezi. Hali kadhalika akishinda nusu siku bila kukojoa. Damu ya puani peke yake isikutishe hivyo. Kwa watoto mara nyingi ni vidole na ukavu.

Kama usiku utapita salama, kesho anza na kituo cha afya kilicho karibu chenye maabara. Omba vitu vitatu: presha kwa mkanda unaolingana na mkono wake, kipimo cha mkojo, na kipimo cha damu cha figo. Cha mkojo ndicho cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kitakachotuambia mengi. Mkojo ukiwa na damu au protini, au presha ikisoma tena zaidi ya 120 hivi, watakuandikia rufaa ya Temeke, na huko ndiko kwenye ultrasaundi ya figo na daktari wa watoto. Usikubali kurudishwa nyumbani kwa maneno "watoto hawana presha". Yapo, nimeyasikia hata kwa wenzangu.

Nenda na kile chombo cha mkojo wa alfajiri, daftari lake la kliniki kama bado lipo, na pakiti ya dawa ya bibi, waone jina na miligramu. Halafu bibi mrudishie pakiti yake, umwambie kidonge ameze mwenyewe, kizima.